Mama Ngembo na Kuta Zinazoitika

Jina la Mama Ngembo Rachida alipewa na vijana wa mtaani, na mwanzoni hakulipenda. Ngembo, kwa Kilingala cha Kisangani, ni popo. Tena ni yule mtu asiye na tiketi anayeparamia ukuta wa uwanja ili aone mpira bure. Na popo, kwa watu wengi wa huko, ni mnyama wa wachawi. Kwa hiyo mwanamke kipofu anayepita njiani akigonga ulimi, tko, tko, huku akikwepa miti na baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, kana kwamba anaziona, alikuwa na bahati kuitwa ngembo tu, asiitwe neno lingine.

Hakuzaliwa kipofu. Ukoo wao ni wa wale Waislamu wa zamani waliofika mjini na misafara ya biashara enzi za mababu, wakabaki, wakawa mafundi. Baba yake, Mohamadi, ni seremala katika komuni ya Tshopo, mojawapo ya tarafa za mji. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la muhogo si mbali na maporomoko ya mto, na Rachida utotoni alishinda huko akikwangua miguu kwa kucha. Kwenye maji yaendayo mbio huzaliana nzi wadogo weusi, na nzi hao wakiuma sana, mwaka baada ya mwaka, huacha ndani ya mtu ugonjwa unaopanda mpaka machoni. Siku hizi kuna vidonge vinavyogawiwa mtaani kila mwaka. Kwake vilikuja wakati kazi imeshafanyika. Alikuwa mshonaji mwenye wateja wake. Kwanza uzi ukaanza kuikosa sindano, kisha rangi za vitenge zikafifia, mwishowe mchana na usiku vikawa kitu kimoja.

Kwa muda mrefu alikaa tu barazani. Baba yake hakumhubiria. Alimletea fungu la kekele, zile kamba ngumu za msituni, akamwekea mapajani.

"Hii kazi haiombe macho," alimwambia. "Inaomba vidole, na weye uko navyo."

Basi Mohamadi akawa anatengeneza miguu na mbao za viti, na binti yake anasuka sehemu za kukalia na za kuegemea. Viti vyao vilikuwa imara, na watu walivitafuta.

Siku moja Rachida alikuwa amejitwika kiti kichwani, anakipeleka upande wa pili wa kiwanja, mara akasimama. Hakujua kwa nini. Alihisi tu hewa imenenepa mbele ya uso wake. Akanyoosha mkono, akagusa ukuta wa jirani.

Alidhani ngozi ya uso ndiyo iliyomwonya. Lakini Rachida si mtu wa kuacha jambo nusu. Kesho yake alijaza pamba masikioni, akauendea ukuta uleule. Safari hii hakuna kilichomwonya, na paji la uso likatoka nundu. Akatoa pamba, akarudia, akasimama kabla hajaugusa. Basi si ngozi, ni masikio. Mlio wa ndala zake ulikuwa unakwenda mpaka ukutani na kumrudia, na siku zote hizo alikuwa akiusikia bila kujua kwamba anausikia.

Tangu hapo akawa kama mtu aliyegundua kwamba mtaa mzima una kinywa. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliitika upesi, kwa ukali. Ua wa matete uliitika kwa ulaini, kama mtu anayejibu na chakula mdomoni. Lango lililo wazi halikuitika kabisa, na kimya chake ndicho kilichomwambia pita hapa. Ndala zilikuwa na sauti ndogo, na makofi yalishika mikono yote miwili, kwa hiyo akahamia kwenye ulimi. Aliugonga kwenye kaakaa, mara moja, kwa mlio mkavu na mfupi, kisha akasikiliza. Karibu na daraja la mto alishindwa, kwa sababu ngurumo ya maji ilimeza kila kitu. Mvua ikipiga mabati nayo ilimfunga nyumbani kama mtu yeyote asiyeona. Siku nyingine zote alitembea, na fimbo yake mkononi, na vijana nyuma yake wakisema, "Mama Ngembo anapita."

Aliyemfanya alipende jina hilo ni mdogo wake, Ramla. Ramla alikuwa anasoma biolojia chuo kikuu, na utafiti wake ulimpeleka Masako, msitu wa hifadhi nje ya mji, kuchunguza popo wadogo wanaokula wadudu. Jioni moja alimpakia dada yake kwenye pikipiki wakaenda pamoja. Wakakaa juu ya gogo. Jua lilikuwa linatua. Rachida alilijua hilo kwa ubaridi uliomgusa shingoni na kwa vyura walioanza kelele zao.

"Yaya, sikia," Ramla alisema, kwani ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa, akamwekea mkononi kifaa kidogo kama redio. "Ngembo banalia sasa hivi juu ya kichwa yetu, lakini sauti yabo iko juu sana, masikio ya mutu haiipate. Hii mashini inaishusha."

Kifaa kikaanza kugonga: tak, tak, tak, kwa utulivu, kama mtu anayetembea bila haraka. Kisha milio ikasogeleana, ikaharakisha, mwishowe ikawa mlio mmoja, trrr, kama kitambaa kinachochanwa. Halafu kimya.

"Hapo amekamata mududu," Ramla akasema. "Wakati kitu iko mbali, anapiga polepole. Akikaribia anapiga mbio mbio, sababu anataka habari mupya mupya."

"Na anajua je kama iko mbali?"

"Anapima muda. Sauti yake inaenda, inagonga mududu, inarudi. Ikikawia, mududu iko mbali. Ikirudi mara moja, iko karibu. Hata batu banatumia akili hiyohiyo, yaya. Mashua za kubwa zinatuma sauti chini ya maji zijue kama kuna muchanga. Kwa ndege banatuma mawimbi kama ya redio. Inagonga ndege kule mbali, inarudi, banajua iko wapi."

Rachida akasikiliza popo mwingine akipita.

"Alors, miye si muchawi," alisema.

"Hapana, yaya. Weye uko radari."

Walicheka mpaka vyura wakanyamaza. Lakini Rachida alirudi nyumbani na somo, na kesho yake alikuwa analifanyia kazi: mbali, anagonga ulimi polepole, akisogelea kitu, anaharakisha. Kwa njia hiyo alianza kukuta vitu vyembamba vilivyokuwa vikimponyoka zamani, nguzo za umeme na mipini ya mikokoteni iliyoachwa njiani.

Sifa zake zilivuka komuni. Ndiyo sababu Mama Adeline alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana ya Mohamadi na kuuliza yuko wapi yule mama anayesikia kuta. Adeline na mumewe, Nzanzu, ni wafanyabiashara kutoka Butembo. Wana depo la maharagwe, vitunguu na sabuni katikati ya mji, Makiso. Adeline alikaa kwenye kiti cha kekele, akakisifu, kisha Rachida akasikia pete yake ikizungushwa kidoleni.

"Bwana yangu macho imekufa," alisema. "Presha ya macho. Ilianza pembeni, ikamufungia katikati. Ule mutu alikuwa anashuka na mto mpaka Basoko na mbele zaidi. Leo anakaa nyuma ya magunia kutoka asubuhi. Hata misa hataki. Anasema hatapelekwa kwa Mungu akishikwa mukono kama mbuzi."

"Yeye ndiye amekutuma, mama?"

"Hapana. Hajue kama niko hapa."

Rachida alikwenda hata hivyo. Alimkuta Papa Nzanzu ndani kabisa ya depo, kwenye giza ambalo kwao wawili halikuwa na maana. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kupanga bei.

"Gonga ulimi, papa," Rachida alimwambia baada ya salamu.

"Miye si mutoto wa kuchezesha ulimi."

"Mara moja tu."

Akagonga, kwa kumridhisha mgeni. "Bon. Nimesikia ulimi yangu. Ulitaka nisikie nini?"

Rachida naye akagonga, na mlio ukazama mbele yake kama jiwe kwenye tope. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu.

"Papa anasema kweli," alisema. "Maharagwe inakula sauti. Tutoke inje."

"Inje batu batatuangalia."

"Baangalie. Siye hatubaone."

Kisha Papa Nzanzu akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka kama chafya, na kule mbele, kwenye meza ya mauzo, Mama Adeline akaacha kuhesabu vipande vya sabuni.

Walianza kwenye uwanja wa nyuma. Rachida aliomba sinia ya bati. Akamwambia mzee atoe sauti ndefu, shhh, bila kukata, naye akawa anaisogeza sinia mbele ya uso wake na kuiondoa. Mara ya kwanza hakusikia tofauti. Aliporudia, bado. Baadaye, katikati ya shhh, mzee akakatiza.

"Imekuja," alisema. "Sauti imekuwa kama iko ndani ya ndoo."

"Na sasa?"

"Imetoka."

Aliinua mkono, akaikuta sinia pale alipoitarajia, akaishika ukingo kwa muda asiachie.

"Niliona jambo hii zamani," alisema polepole. "Karibu na Basoko. Asubuhi, ukungu kama uji, hata kapiteni haone ncha ya mashua yake. Akapiga honi, akasema tunyamaze. Musitu ya kushoto ikaitika mara moja. Ya kuume ikakawia. Akasema, kushoto tuko karibu sana, akakata kuume. Akapiga tena, akasikia tena. Tulipita hivyo mpaka jua ikafungua ukungu. Miye nilidhani ni dawa ya kienyeji."

"Dawa ni ile uliyosikia, papa."

"Donc kapiteni alikuwa na honi, na miye niko na ulimi."

Kuanzia siku hiyo Rachida alikuwa anakwenda Makiso kila alipomaliza kazi ya asubuhi. Alimfundisha ukuta kwanza, kisha pembe ya ukuta, kisha mlango. Alimfundisha kutambua mti, ambao jibu lake ni jembamba na hupotea kichwa kikigeuzwa kidogo. Mzee alijifunza upesi kwa sababu alikuwa na kiburi, na kiburi safari hii kilimsukuma mbele. Siku ya kwanza walipofika sokoni pamoja, alikuwa anagonga ulimi kwa bidii, mara akasikia sauti ya mwanamke usoni pake.

"Papa, weye ndiye unanisonya miye?"

Alikuwa Mama Chantal, muuza makayabu, yule samaki wa chumvi. Kusonya mtu mbele ya wateja wake ni tusi zito, na watu walishaanza kusogea.

"Samahani, mama," Papa Nzanzu alisema. "Sikukusonya. Nilikuwa natafuta ukuta."

"Ukuta? Nimenenepa mpaka nimekuwa ukuta?"

Soko likaangua kicheko. Rachida akaeleza habari yote, na Chantal, aliyekuwa na moyo mpana kama mwili, akawataka wamwonyeshe. Wakamwonyesha. Akasimama mbele ya mzee, akasogea kando, akarudi, akisema kila mara, "Na sasa niko wapi?" na mzee akamwonyesha kwa kidole bila kukosea. Tangu hapo, kila walipopita, Chantal aliwatangulizia wengine habari kwamba yule papa hatukani mtu.

Jambo moja tu lilimsumbua Rachida. Papa Nzanzu hakuipenda fimbo. Aliishika akiwa na mwalimu wake, lakini mkono ulikuwa unaibeba kama mzigo wa mtu mwingine. "Fimbo inapiga kelele kwamba niko kipofu," alikuwa akisema. "Ulimi inasema tu kwamba niko na tabia mbaya."

"Ulimi iangalie mbele, papa. Fimbo iangalie chini," Rachida alimjibu zaidi ya mara moja, na mzee akaitika ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyoitika mahubiri.

Asubuhi moja ya baada ya mvua alitoka peke yake. Fimbo aliiacha imeegemea magunia. Alipita ukuta wa jirani, akapita lango la duka la dawa, akakwepa lori lililoegeshwa, na kila hatua ilimwongezea furaha. Barabara ilikuwa inachimbwa mtaro wa maji upande huo. Alipiga ulimi, mbele hapakuitika kitu, akaona njia ni nyeupe, akaenda. Mguu ukakosa ardhi.

Watu wa toleka ndio waliomtoa, wakamrudisha dukani akiwa na tope mpaka nyusi na kifundo cha mkono kimevunjika. Mama Adeline alimpeleka hospitali. Rachida alipofika kwa somo la siku hiyo, alimkuta Adeline amesharudi, amesimama mlangoni.

"Nilikuomba unirudishie mutu," Adeline alisema, kwa sauti ya chini, ambayo ilimchoma Rachida kuliko kama angepiga kelele. "Ulimufundisha kutembea kwenye shimo."

Rachida aligeuza fimbo yake. Alirudi Tshopo. Aliketi kusuka, na Mohamadi, akiranda mbao kando yake, akasikia kwamba binti yake anafumua mistari aliyoisuka sasa hivi na kuisuka upya.

"Uko na mukono ya kazi, lakini roho haiko hapa," alisema. "Enda kumwona mugonjwa. Mutu akivunjika, banamusalimia. Hiyo haiombe ruhusa."

Akaenda, na mfuko wa machungwa. Mama Adeline alimfungulia, akamsogezea kiti, kisha hakuondoka. Alibaki amesimama hapohapo, Rachida akisikia pumzi zake. Papa Nzanzu alikuwa ameketi na plasta mkononi.

"Mwalimu," alisema. "Nilipiga ulimi. Hakuna kitu iliitika. Nilisema njia iko wazi. Niambie nilikosa wapi."

"Hukukosa kusikia, papa. Shimo haiitike. Sauti inaenda mbele yako, inapita juu yake kama ndege, na ile kidogo inayoingia ndani, masikio yetu haiitambue. Njia ya wazi na shimo, kwa masikio ni kitu kimoja. Hata miye sijue kuyatenganisha. Ngembo anaruka, hana haja ya kujua shimo iko wapi. Siye tuko na miguu."

"Na uliniambia."

"Nilisema fimbo iangalie chini. Sikusema kwa nini vya kutosha."

"Hapana." Mzee alitikisa kichwa. "Ulisema. Adeline, unasikia? Huyu alisema. Miye ndiye niliacha fimbo, sababu ya haya."

Adeline alikaa chini hatimaye. Aliongea na Rachida, lakini maneno yalikuwa ya wote wawili.

"Balimuleta juu ya baiskeli, tope mpaka kwa macho. Nilidhani bananiletea maiti. Ndiyo sababu nilisema yale maneno. Hasira ilikuwa woga tu, mama."

"Najua," Rachida akasema. "Baba yangu alikaa hivyohivyo siku ya kwanza nilipotoka peke yangu."

Akamenya chungwa, akampa kila mtu kipande, na mazungumzo yakageuka kuwa ya bei ya vitunguu na ubovu wa barabara ya Butembo.

Mkono ulipopona walianza upya. Safari hii Papa Nzanzu aliagiza fimbo kwa Mohamadi, ndefu mpaka kifuani, ya mti mgumu, akataka ipakwe vanishi. Alisema kama ni lazima iseme kwamba yeye ni kipofu, basi iseme vizuri. Adeline aliwafuata kwa mbali wiki za mwanzo, akijificha nyuma ya watu, na mumewe kila mara akamwambia bila kugeuka, "Adeline, ndala yako ya kushoto inaburuzika." Baadaye aliacha kuwafuata. Jumapili ya kwanza mzee alipokwenda misa kwa miguu yake, alisimama kando ya ukuta wa kanisa kuu, akagonga ulimi, akainua uso kana kwamba anautazama wote mpaka juu. Aliingia, akakaa kwenye benchi la nyuma.

Rachida siku hizi ana wanafunzi wengine. Yupo kijana fundi wa kulehemu aliyeunguzwa macho, yupo mama mmoja kutoka upande wa pili wa mto. Ramla amemaliza masomo, na amempeleka dada yake Masako tena, ila sasa wanafunzi wa chuo ndio humwuliza Rachida anasikiaje, naye huwauliza wao mambo ya popo, na jioni zinakwisha kabla maswali hayajaisha. Ijumaa anapumzika. Siku nyingine anasuka asubuhi, na mchana yuko njiani.

Wiki iliyopita alipita Makiso kumsalimia Papa Nzanzu. Alimkuta nje ya depo, kwenye kiti, mbele yake lori lililobeba mzigo wao limefika kutoka Butembo na dereva ameshuka kunywa chai.

"Mwalimu, sogea hapa," mzee alimwambia. "Hii lori imejaa ao iko tupu?"

Rachida akagonga ulimi. Akasogea upande wa nyuma, akagonga tena. Jibu lilikuja laini, limefunikwa.

"Imejaa. Iko na turubai."

"Miye nasema nusu. Mbele sauti iko kali, bati tupu. Nyuma ndiyo iko na mali."

"Papa, mbele ni kichwa ya lori."

"Kichwa nimeipita. Nasema nyuma ya kichwa."

Wakabishana. Walilizunguka lori pamoja, fimbo zao zikigusa matairi na ndimi zikigonga, na wapita njia wakawapisha. Dereva aliporudi na kikombe chake, akafungua turubai kuwaridhisha, na Mama Adeline akatoka kuangalia.

"Vitunguu," alitangaza. "Nyuma imejaa. Mbele iko na nafasi ya magunia mengi. Dereva, vingine viko wapi?"

Dereva akaanza kueleza habari za tope la njiani na gari lililokwama. Papa Nzanzu alimwacha aeleze. Alirudi kwenye kiti chake, akajipangia fimbo magotini, akamwambia Rachida akae, chai inakuja.